Si Ugonjwa wa Kiti

Katika chumba cha ushonaji cha Fundi, asubuhi huanza kwa kelele. Cherehani zinalia, pasi inafuka mvuke, na Redio anaongea. Redio ni mdogo wake Fundi. Kazi yake ni kukata vitambaa, lakini mdomo wake huchapa kazi kuliko mkasi. Ndiyo maana wakampa jina hilo. Ukimwasha, humzimi.

"Kaka, leo umeongeza mto mwingine?" Redio aliuliza. "Kesho utashona ukiwa umegusa dari!"

Mafundi wote wakacheka. Fundi naye alicheka, huku akijiweka sawa juu ya mito yake.

Kwa miezi mingi Fundi alikuwa akiona damu chooni. Hakushtuka. Mafundi cherehani wana jina lao la tatizo hilo: ugonjwa wa kiti. Husema kukaa kutwa nzima huleta bawasiri, na bawasiri huleta damu. Tiba yao ni mto laini na dawa ya kupaka. Daktari wa nini, wakati jina la ugonjwa wanalo tayari?

Mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyegundua. Siku moja alikuwa akipiga pasi suruali ya mumewe. Akaigeuza ndani nje. Kiunoni akaona mshono mpya. Kando yake palikuwa na alama za mshono uliofumuliwa, kisha mwingine tena. Akachukua suruali nyingine. Hali ni ile ile.

"Baba Pacha, unajipunguzia suruali kimyakimya?"

"Zilikuwa zinapwaya."

"Suruali hazinenepi. Wewe ndiye unayekonda. Una nini?"

Fundi akatazama sakafu. Kisha akamweleza yote: damu, tumbo linalosokota, choo kigumu leo na chepesi kesho, uchovu usioisha hata akilala.

Mama Pacha hakungoja. Alivuka ua, akagonga kwa jirani yao, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Wote humwita Sista. Alikuja na kandambili zake miguuni.

"Shemeji, huenda ni bawasiri kweli," Sista alisema. "Lakini hata uvimbe ndani ya utumbo hutoa damu. Ukiitazama tu, huwezi kujua inatoka wapi. Na mto haupimi kitu. Kesho twende hospitali."

Hospitalini, daktari alipitisha kamera nyembamba kwenye njia ya haja kubwa. Akaona uvimbe katika utumbo mpana. Akachukua kinyama kidogo, kikapelekwa maabara. Jibu likarudi: saratani. Vipimo vingine havikuonyesha kwamba imesambaa. Daktari alitaka kuutoa uvimbe huo kwa upasuaji.

Fundi alikataa katakata.

"Baba yetu mdogo alipasuliwa kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu," alimwambia mkewe. "Tulimzika kabla kidonda hakijakauka. Mimi niacheni na tumbo langu."

"Na mimi unaniacha na nani?" Mama Pacha alilia. "Wanao hata shule hawajaanza!"

Redio alikuwepo. Aliwatoa pacha nje wasisikie.

Jioni Sista alikuja, akavuta kigoda.

"Shemeji, unaogopa nini hasa?"

"Kufunguliwa kama gunia."

"Wapo waliofunguliwa hivyo wakapona. Ila siku hizi kuna njia nyingine. Daktari hutoboa matundu madogo tumboni. Tundu moja ni la kamera, naye anautazama utumbo kwenye skrini. Mengine ni ya vifaa virefu vyembamba. Tundu moja hupanuliwa kidogo tu, liwe la kutolea kipande."

"Kipande gani?"

"Chenye uvimbe, pamoja na sehemu zisizo na ugonjwa za kila upande, ili ugonjwa usibaki pembeni. Na vitezi vya jirani, vile vinundu vinavyochuja maradhi mwilini, maana saratani hupenda kukimbilia huko. Kisha anaunganisha ncha mbili za utumbo."

Fundi akainua kichwa. "Anaunganisha kwa mkono au kwa mashine?"

"Kwa mkono, au kwa mashine inayobana kwa pini ndogondogo."

"Na mshono usipokaza?"

"Utavuja. Sikufichi, ni hatari, ingawa huwapata wachache. Ndiyo maana mgonjwa haachwi bila kuangaliwa. Pia daktari anaweza kulazimika kufungua tumbo. Wengine huvaa mfuko wa choo tumboni kwa muda, wachache kwa maisha yao yote. Lakini uvimbe ukiachwa hautulii. Utaziba utumbo, au utasambaa."

Mwishowe Fundi akauliza, "Mkono wa huyo daktari hautetemeki?"

"Njoo umuulize mwenyewe."

Alikwenda, akauliza, akajibiwa, akakubali. Wiki iliyofuata akalazwa, akachomwa nusukaputi, akapasuliwa kwa matundu.

Kesho yake Sista alisimama kando ya kitanda. "Haya, shemeji, inuka. Tutembee mpaka dirishani."

"Jana nimekatwa, leo nitembee?"

"Tumejifunza hivyo. Anayeinuka mapema na kuanza kula mapema hupona upesi. Na ukijamba, niambie. Ni dalili kwamba utumbo umeamka."

"Hilo niachieni mimi, nimfundishe!" Redio alidakia. Fundi akacheka huku ameshika tumbo.

Majibu ya maabara yalikuwa mema. Kingo za kipande kile zilikuwa safi. Vitezi vilikuwa safi. Daktari alisema hahitaji dawa za saratani, ila atakuwa akirudi kupimwa. Kisha akauliza, "Ugonjwa huu huweza kupita katika ukoo. Una ndugu wa damu?"

Macho yote yakamgeukia Redio.

"Mimi? Mimi mzima kama chuma!"

"Na mimi nilisema hivyo hivyo," Fundi alimjibu. Fundi aliporudi kazini, jambo lake la kwanza lilikuwa kumpeleka mdogo wake hospitali. Wakabishana njia nzima.

Kamera ilikuta vinyama viwili vilivyoota katika utumbo wa Redio. Havikuwa saratani, lakini vingeweza kuwa saratani baadaye. Daktari alivikata palepale kwa waya mwembamba uliopita ndani ya kifaa cha kamera. Tumbo halikuguswa na kisu.

Redio alikaa ukingoni mwa kitanda. Macho yalikuwa yamelowa.

"Kaka, ungeng'ang'ania kukataa, nani angenileta hapa?"

Fundi alipiga magoti, akamfunga kamba za viatu.

"Inuka twende," alisema. "Mafundi wawili wenye ugonjwa wa kiti wako nje na shemeji yako. Zamu yao imefika, na mmoja ameshaanza kutafuta mlango wa kutokea."