Seli Zilizokufa Kabatini

Farasi alitembea vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia daktari wa mifugo wasiwasi. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu amchome sindano ya seli shina, zile changa zinazoweza kuotesha nyama mpya, kwenye kano la mguu wa mbele, kano lililochanika kama kamba kuukuu, na kupona kwa namna hiyo huchukua miezi. Isitoshe, kwenye sakafu ya saruji zilisikika kwato tatu. Ko, ko, ko. Ya nne ilitua kimya.

"Labda ni masikio yangu," alimwambia mdogo wake.

"Dada, hata mgonjwa akipona unalalamika!" Alicheka, lakini hakuinua macho kutoka kwenye darubini.

Huyo mdogo ndiye aliyekuwa mtu wa maabara. Dada alikata kipande cha mafuta karibu na mkia wa farasi. Mdogo wake akazitoa seli ndani yake, akazilea wiki mbili kwenye kabati la joto zipate kuongezeka. Dada hakuzikagua. Angemkaguaje mtoto aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki?

Siku ya tano banda likaanza kunuka udi na nyama iliyooza. Mbwa waliolazwa chumba cha pili wakaacha kubweka, wakajibana kona moja. Saa sita mchana, daktari alipopitisha mashine ya picha za ndani ya mwili juu ya kano, aliona kwenye kioo chake, pale nyuzi zilipopaswa kuungana taratibu, kitu kikijikunja na kujikunjua, na alipousogeza mkono kikamfuata, na alipouondoa kabisa kwenye ngozi ya mnyama kikabaki palepale kiooni, kikageuka kumtazama, na farasi akamnong'oneza sikioni, kwa sauti ya mwanamke, jina lake la utotoni ambalo nje ya familia yao hakuna aliyelijua.

Alitoka mbio.

Aliyeitwa ni Mzee Msumari, fundi wa kuvalisha farasi viatu vya chuma, ambaye watu walimjua pia kwa kupunga majini. Aliinama, akaigonga kwato ile kwa nyundo. Haikutoa sauti. Akamgeukia mdogo mtu.

"Mwanangu, jini haliingii bila mwenyeji. Uliweka nini kwenye sindano?"

"Sikufunga kabati vizuri. Seli zikapoa, zikafa zote. Niliona aibu, dada. Nilikaa pale nikilia, sauti ikaniambia itanijazia chupa. Ilitaka jina tu."

"Jina la nani?" mzee aliuliza.

"Ulitoa langu," dada alisema polepole.

"Nilidhani ni maneno tu."

"Sikiliza," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nikilitoa jini kwa nguvu, mnyama ataumia upya. Wewe uliyelikaribisha ukilitolea jina lako badala ya lake, litatoka taratibu. Chuma changu kitakulinda. Haya."

Mdogo mtu akasogea, na farasi akashusha kichwa, na harufu ikawajaa kooni hata pumzi zikawa za kuomba, na dada akasubiri kulisikia jina la mdogo wake, jina alilomfundisha kuliandika yeye mwenyewe, kumbe alichopata ni mikono miwili ikimsukuma mgongoni kuelekea midomo ile, na kilio cha mdogo wake nyuma yake: "Huyu hapa! Mchukue!"

Mzee Msumari alimdaka daktari bega, akamtupa pembeni, akapigilia msumari kwenye kwato huku akisoma dua kwa sauti. Farasi alipiga yowe la kike. Mlango wa banda ukafunguka wenyewe, ukajibamiza, na harufu ikakatika. Kisha farasi akauinua mguu wake, ukitetemeka. Kano lilikuwa limechanika tena.

Daktari alipiga magoti, akaanza kuufunga bendeji.

"Limeondoka, dada," mdogo wake alisema, akimshika mkono. "Yamekwisha. Tuanze upya, eh? Tutatoa mafuta mengine."

Daktari aliutoa mkono wake polepole.

"Funguo za maabara ziache mezani," alisema bila kugeuka. "Jini lile lilikuwa halinijui. Wewe ulikuwa unanijua."