Jino la Mama Mbombo na Kofia Yake ya Muda

Mama Mbombo alikata uzi kwa meno, kama kila siku. Kazi yake ni kushona midomo ya mifuko ya madini kwenye depo moja karibu na mtaa wa Kapata. Sindano ndefu, uzi wa nailoni, fundo, halafu kak! kwa meno ya kushoto. Wenzake wote hukata hivyo hivyo. Mkasi upo, lakini uko kwa mlinzi, na nani ana nafasi ya kumwendea mlinzi kila mfuko?

Upande wa kulia hana tena meno ya kutafunia. Yaling'olewa zamani, moja baada ya jingine, kwa sababu wakati ule alijua dawa moja tu ya jino: kung'oa. Nyama, mahindi ya kuchoma, samaki mkavu, vyote vilipita kushoto, juu ya gego moja kubwa.

Gego hilo likaoza. Shavu likavimba, na Mbombo akaenda mjini kwa daktari wa meno, Docteur Wivine. Daktari hakuling'oa. Alilisafisha ndani, akatoa nerf, ule mshipa unaosikia maumivu, akaziba. Baadaye alilichonga pembeni, akachukua umbo lake kwa kitu laini kama bukari, ule ugali wetu, akalifunika kwa kofia ndogo nyeupe.

"Hii ni couronne ya provisoire, mama," alisema. "Ni ya muda tu. Ile ya kweli banaitengeneza Lubumbashi. Ikifika, utarudi, nitakuvalisha. Sasa sikiliza muzuri vile utaichunga..."

"Aksanti, docteur, aksanti sana!"

Mbombo alikuwa amekwisha kutia mfuko wake begani. Kwenye depo lori lilikuwa linangojea mifuko. Alitoka mbio. Angekaa kidogo tu akasikiliza, hadithi hii ingeishia hapa, na mimi ningekwenda kupumzika.

Nyumbani mume wake, Badibanga, dereva wa lori la mgodi, alimfungua kinywa akachungulia.

"Inauma?"

"Hata kidogo."

"Basi imepona! Banganga ba siku hizi bako na mayele, bako na akili."

Kesho yake Mbombo akarudi kwenye mifuko na uzi wake. Kofia ilivumilia, ikavumilia, halafu siku moja ikatoka pamoja na uzi. Mbombo aliitazama mkononi. Hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomdanganya.

Jioni Badibanga alileta colle, ile gundi yake ya kubandikia viatu.

"Tia paka kidogo tu. Itashika kupita ya munganga."

Ilishika kweli. Ilishika upande, ikachoma ufizi, na chini yake mabaki ya chakula yakajificha. Baada ya muda ufizi ulivimba, kinywa kikanuka. Siku ya rendez-vous, ile ya kuvalishwa kofia ya kweli, ilifika, Mbombo hakwenda. Aliona haya. Atamwambia nini daktari? Kwamba alibandika jino kama kandambili?

Siku ya Jumapili walipika nyama ya mbuzi. Mbombo alijaribu kipande kimoja, akakitoa polepole, akawapa watoto sahani yake. Akabaki na bukari na mchuzi.

"Mama Chancelle, tuende baingoe, biishe," Badibanga alisema. Chancelle ni binti yao wa kwanza.

"Bakiingoa, nitatafuna na nini? Na mikono?" Mbombo alimgeukia mume wake. "Ile njo jino ya mwisho ya kutafunia, tata. Mi naogopa."

 Kesho yake Badibanga aliomba ruhusa kazini, akampeleka mwenyewe.

Docteur Wivine alihangaika sana kutoa ile gundi. Alipomaliza aliuliza swali moja.

"Nani alibandika?"

Badibanga alitazama dari.

"Aba, tata! Weye ni fundi wa biatu ao wa meno?" alisema daktari.

"Docteur, haikukuwa inauma," Mbombo alimtetea.

"Haiwezi kuuma, mama. Nerf nilishatoa. Jino yenye haina nerf haiiti mutu. Inaweza kuoza kimya, inaweza kupasuka kimya. Usingojee maumivu." Alipiga picha ya jino, akaitazama kwenye mwanga. Mbombo alishika kiti kwa mikono miwili.

"Muzizi iko nzima. Uko na bahati. Lakini kofia yenye ilitoka Lubumbashi haitaingia tena. Jino ikikaa bila kofia ya sawasawa, inasogea. Tutachukua umbo mupya, nitakuvalisha ingine ya muda, na utangojea tena."

Mbombo alipumua. Safari hii hakushika mfuko wake.

"Docteur, sasa niambie yote. Sitoke hapa."

"Ya muda inashikwa na simenti ya kulegea, sababu nitaitoa mi mwenyewe. Kwa hiyo usikule bitu bya kunata wala bigumu. Ikitoka, ichunge mu kitambaa, kuya hapa mbio. Usitie colle hata kidogo."

"Na ile ya kweli ikishaingia, naweza kukata uzi?"

"Hapana! Uzi, kizibo cha chupa, mufupa, hapana. Ni ya chakula."

"Haiwezi tena kuoza, si vile?"

"Couronne yenyewe haiozake. Jino yenye iko chini yake njo inaozaka. Piga meno brosse asubuhi na mbele ya kulala, pale inakutana na nyama ya meno. Safisha na katikati ya meno. Na kama unaona iko juu kupita meno ingine, rudi. Inarekebishwa upesi."

Mbombo alirudia maneno yote kwa sauti mpaka daktari akacheka.

Akala vitu laini, akangojea. Kwenye depo wenzake walimtania kwamba amekuwa bibi mkubwa anayeletewa mkasi. Aliwaacha wacheke.

Kofia ya kweli ikaja, ikavalishwa. Lakini usiku ule, alipofunga kinywa, jino lilikutana na la juu kabla ya mengine.

"Utazoea," Badibanga alisema.

"Nizoee nini? Mi narudi kesho."

Alirudi. Daktari alimpa karatasi ya rangi aiume, akaona mahali panapogusa sana, akapasugua kidogo. Kazi ndogo, ikaisha.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Badibanga alimchagulia mke wake kipande kikubwa cha nyama. Mbombo alikitia kinywani, akatafuna kimya. Machozi yakaanza kumtoka.

Badibanga alisukuma sahani yake kwa hofu. "Inauma tena?"

Mbombo alitikisa kichwa. Kinywa kilikuwa kimejaa.

"Hapana, tata," alisema. "Niko natafuna."