Mabati ya Nyumba ya Mahore

Kila jioni baada ya Magharibi Swalha alimpigia mama yake simu, na kila jioni wali wake ulipoa mezani. Hao wawili walikuwa hawajui kuagana. Mama, Bi Zulekha, alikuwa kwao Mahore, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Swalha na baba yake, Nassor, mfanyabiashara kutoka Unguja, walibaki Guangzhou, mji wa China, mtaa wa Xiaobei.

Kimbunga kilikuwa kimeezua nyumba ya Mama. Huko Mahore nyumba ni ya mwanamke: baba humjengea binti yake, na mume ndiye anayehamia. Babu aliijenga kwa mikono yake, kwa hiyo Mama aliapa kuwa haondoki mpaka paa lirudi. Mabati yalikuwa yameadimika kule, Baba akayanunua Guangzhou ayapeleke kwa meli. Swalha alimkumbuka mama yake mpaka akawa analala na kanga yake. Mabati yakifika, Mama atarudi. Hakuwa na hesabu nyingine kichwani.

Jumatano baada ya shule walikwenda Sanyuanli, kwenye ghala la wakala wa mizigo. Wateja wengi huchangia kontena moja, na kila furushi huandikwa kwa kalamu nene jina la mwenyewe na mahali linapokwenda. Swalha alikuwa na mwandiko mzuri, basi kazi hiyo ilikuwa yake. Baba alimwambia aandike "Zulekha, Mayotte", kisha akaenda kubishana bei na laoban, yaani bosi wa ghala, mama mmoja asiyependa mchezo.

Neno "Mayotte" lilimkera Swalha. Mama hujiita Mkomoro, na kwenye ramani visiwa vyote vinne vya Komoro vimekaa pamoja. Akaandika "Zulekha, Komoro", akaona amemtendea mama yake haki.

"Umeandika kama nilivyokwambia?" Baba aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, Baba."

Alijibu haraka, maana Baba akianza kueleza jambo hamalizi leo.

Jumamosi, watoto wa wafanyabiashara walikusanyika kwa Mwalimu Leokadia, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyewafundisha jiografia kwenye chumba kilichokuwa juu ya mgahawa, mtaa wa Dengfeng. Ilikuwa zamu ya Swalha kueleza mahali anapopapenda. Alieleza miamba ya matumbawe inayozunguka Mahore, maji yaliyotulia ndani yake, mlima Choungui na harufu ya milangilangi. Alieleza vizuri hata watundu wa nyuma wakanyamaza. Akamalizia kwa kusema kuwa Mahore ni sehemu ya nchi ya Komoro.

Mwalimu alimsifu, kisha akamsahihisha kwa upole. Mwaka 1841 Sultani Andriantsoly aliwapa Wafaransa kisiwa hicho. Baadaye, katika kura ya mwaka 1974, Ngazija, Nzuani na Mwali walichagua uhuru, lakini watu wengi wa Mahore wakachagua kubaki na Ufaransa. Tangu mwaka 2011 Mahore ni mkoa kamili wa Ufaransa, ingawa Komoro bado inakidai kisiwa hicho.

Swalha akainua mkono. "Mwalimu, mzigo wa Mahore ukiandikwa Komoro, unafika wapi?"

"Moroni, mji mkuu wa Komoro. Nchi nyingine, forodha nyingine. Hata ndugu kutembeleana huhitaji viza."

Swalha angeweza kunyamaza. Mizigo hupotea, na nani angejua? Lakini alimwona mama yake amekaa chini ya turubai, akiulizia meli isiyokuja. Akashuka mbio mgahawani, alikokuwa Baba akinywa chai, akamwambia yote, pamoja na ule uongo. Baba hakugomba. Aliiacha chai, wakapanda metro, treni ya chini ya ardhi, kurudi ghalani.

Mabati yalikuwa yamekwisha kupakiwa kwenye kontena la Komoro, nayo yamelaliwa na mizigo ya watu. Laoban alitikisa kichwa kabla Baba hajamaliza kusema. "Buxing, buxing," alisema, akiwa na maana kwamba haiwezekani kabisa. Hapo Swalha akasogea mbele na kusema kwa Kichina chake cha shuleni kuwa kosa ni lake peke yake, na kwamba nyumba ya mama yake haina paa. Laoban akawaita vibarua wake.

Walipakua mpaka Alasiri. Swalha alifuta neno moja na kuandika jingine. Lakini kontena la Mayotte lilikuwa limefungwa tangu jana yake. Mabati yangesubiri safari ya mwezi ujao. Alilia njia nzima, naye Baba akamshika mkono bila kumhubiria.

Jioni hiyo alimsimulia Mama mwenyewe.

"Mwanangu," Mama alisema, "kwa kuandika Komoro sikulaumu. Hata moyo wangu huandika hivyo. Na leo umesema kweli, ndiyo maana mabati yatanifikia. Lakini Jumatano ungesema kweli, ungefuta neno moja tu na mzigo ukaondoka. Ile 'ndiyo' uliyompa baba yako ndiyo itakayotuweka mbali mwezi mwingine mzima."