Pale Uwanjani Watu Wanapopinda

Mume wa dada yangu ni afisa mipango miji, na ni mtu wa kunyoosha vitu. Mwekee chai, kwanza atapanga vikombe mstari mmoja ndipo anywe. Tulimbatiza Rula. Hakuchukia; nadhani alipima akaona jina limekaa sawa.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ni uwanja wa katikati ya mji. Zamani pale palikuwa na nyumba kuukuu zilizobanana. Tingatinga likapita, pakawa peupe, Rula akachora njia pana ya matofali ya saruji kutoka sokoni hadi stendi, imenyooka kama yeye. Siku ya kufunguliwa alitualika mimi na dada tukae kwenye benchi tuangalie. Wenzetu huenda kutazama mpira. Sisi tulikwenda kutazama watu wakitembea.

Asubuhi, jua limewaka. Watu wakatoka sokoni, wakashika njia. Walipofika katikati, wakapinda. Wote. Wakakanyaga majani, wakazunguka, wakairudia njia kwa mbele.

"Kuna dimbwi?" nikauliza.

"Hakuna kitu, shemeji," akasema Rula, na sauti haikuwa yake.

Akamsimamisha mama mmoja mwenye kikapu. "Samahani mama, mbona pale umezunguka?"

"Nimezunguka wapi, mwanangu? Nimekuja moja kwa moja." Na viatu vimejaa majani mabichi.

Tukacheka sana. Kisha akapita mbwa. Naye akapinda. Kicheko kikatukauka.

Rula akatoa karatasi na penseli. Ndiyo kazi ya watu wa mipango miji: kila anayepita, wanamchorea mstari. Mistari ilipokuwa mingi, pakabaki nafasi nyeupe katikati. Ina pembe nne. Upande mmoja umejitokeza kidogo, kama kibaraza.

"Hiyo ni nyumba," dada akanong'ona.

"Ile ya chokaa ya kijani," akasema Rula. " Nilisaini mimi ibomolewe. Walisema hamna mtu ndani."

"Walisema akina nani?" nikauliza.

Akaikunja karatasi, kona kwa kona.

Dada akamvuta shati. "Mume wangu, pinda hiyo njia, mambo yaishe."

"Nipinde njia kwa ajili ya hewa? Watanicheka mji mzima." Akainuka.

Alitembea amenyooka. Katikati akainua mguu, kama mtu anayevuka kizingiti. Akainamisha kichwa. Hatukumwona tena.

Jua kali. Uwanja mtupu. Dada hakupiga kelele. Alinishika mkono tu, kucha zikazama.

Kisha akatokea upande wa pili, anajipangusa mabega. "Mmeona? Hamna kitu."

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Barabarani, watu wakaanza kupinda wakimfikia yeye.

Siku chache baadaye dada akaniita. Rula alikuwa sebuleni kwenye kiti. Dada akanivutia jikoni.

"Kaka, nataka kumshika mume wangu. Nikinyoosha mkono, najikuta nimeshika ufagio. Nikimsogelea kitandani, najikuta nakunja nguo. Nyumba inang'aa, mume sijamgusa."

"Wapo wanaume wangeomba bahati hiyo," nikasema. Nilitaka acheke. Hakucheka.

Akajifunga kitambaa machoni. Alisema macho ndiyo yanayompotosha, bila macho atafika. Akaingia sebuleni mikono mbele. Mimi nikabaki mlangoni.

Hatua moja kabla ya kiti, mikono yake ikasimama hewani.

"Kuna ukuta," akanong'ona. "Wa baridi."

Akapapasa. Kushoto. Kulia. Chini kidogo.

"Kuna mlango."

Rula alikuwa ananitazama. Mdomo wake umefumba. Naapa, ulikuwa umefumba. Sauti yake ikatoka pale palipokuwa na viganja vya dada, kwa mbali, kama ya mtu aliye chumba cha nyuma.

"Usifungue, mke wangu. Humu tumebanana."

Dada akatega sikio ukutani.

"Na wewe umo humo?"

"Nimo."

"Basi sogeeni."

Akasukuma. Nikamwona anainua mguu. Anainamisha kichwa.

Nilipofumbua macho yangu, maana niliyafumba, dada alikuwa amekaa ubavuni mwa mumewe. Kitambaa kiko magotini. Wameshikana mikono, anatabasamu kama bibi harusi. Viganja vyake vimejaa chokaa ya kijani. Amekwisha kuvisugua kwa kila sabuni. Haitoki.

Wanaishi vizuri. Hawagombani. Wakienda sokoni, njia inafunguka yenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwatembelea. Wakati wa kuaga nikapanua mikono nimkumbatie dada yangu, kama siku zote. Nikajikuta nimeinama, nafunga kamba za viatu. Nikasimama, nikajaribu tena. Nikajikuta nje, nafunga geti.

"Haya kaka, nenda salama," alisema kutoka dirishani. Machozi yanamlengalenga.

Nikafika nyumbani. Mke wangu akanigeuza, akaniuliza kwa ukali ni nani huyo aliyenikumbatia hivyo. Nikavua koti nikatazama. Mgongoni, viganja viwili vya chokaa ya kijani, vidole vyote kumi, vimekandamizwa kwa nguvu zote.

Sikuwa nimehisi kitu.