Barua Iliyoombewa Bila Kufunguliwa

Mwaka ule, vita vikubwa vilipokuwa vinaelekea kwisha, Stefania alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake kila alfajiri ilikuwa kuamia mpunga. Alipanda dunguni, kile kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba lao pale Mitole, akapiga debe na kupaza sauti ili ndege wasitue. Jua likipanda, mama yake, Romana, alikuja kumpokea, naye akakimbilia shule ya misheni. Kati ya waliobaki nyumbani, yeye peke yake ndiye aliyejua kusoma. Baba alikwishafariki, na kaka yake, Nikodemo, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, huko Burma. Mwaka mzima hawakupata neno lolote kutoka kwake.

Asubuhi moja Salumu, mchuuzi wa chumvi na samaki wakavu wa ng'onda, alisimama chini ya dungu akitokea Kilwa Kivinje. Stefania alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba. Kisha akampa bahasha aliyokabidhiwa na tarishi wa bomani, akamsisitiza ampelekee mama yake bila kukawia, akashika njia yake.

Stefania aliitazama bahasha. Mwandiko haukuwa wa Nikodemo. Mwezi uliopita bahasha yenye mwandiko mgeni kama huo ilifika kwa jirani yao, mzee Likwata, na kabla jua halijatua nyumba yake ilikuwa imejaa watu wa matanga. Mwanawe alikuwa amekufa huko huko Burma.

Kwenye mafundisho ya dini Stefania alikuwa amejifunza novena, sala ya siku tisa mfululizo. Basi akakata shauri: barua ile isifunguliwe mpaka amalize siku tisa. Aliamini kabisa kwamba maadamu haijasomwa, Mungu bado ana nafasi ya kuyageuza yaliyomo. Akaichomeka katika makuti ya paa la dungu. Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kuikwepa habari aliyoiogopa?

Siku zikapita. Alisali dunguni macho ameyafumba, huku ndege wakijilia mpunga raha mustarehe. Chakula alikiacha bila kukigusa. Mama alipomuuliza ana nini, alijibu kuwa kichwa kinamuuma. Huo ulikuwa uongo, naye alijua ni uongo, na kila alipopiga magoti aliuhisi uko naye pale pale ubavuni.

Siku ya nane ilikuwa Jumapili. Padri alifika Mitole mara moja tu kwa mwezi, kwa hiyo siku hiyo katekista Benedikto ndiye aliyewasalisha. Desturi yao ilikuwa kwamba baada ya rozari mwenye shida asimame aitaje, na wote wamwombee. Romana hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, lakini siku ile alisimama.

"Bwana, kama haiwezekani mwanangu arudi, sikushurutishi," alisema. "Nakuomba habari tu. Iwe njema, iwe mbaya, nijue namna ya kumwombea."

Watu wakaitikia amina. Stefania alishindwa kustahimili. Kumbe kitu ambacho mama anamlilia Mungu, yeye ndiye aliyekificha! Aibu ikamjaa. Sala ilipokwisha alikimbia shambani, akarudi na barua, akamkuta mama yake akizungumza na Benedikto mlangoni mwa kanisa. Hapo hapo akapiga magoti, akasema yote.

Romana hakumpiga wala hakumgombeza. Uso tu ndio uliombadilika. Benedikto alinyoosha mkono aipokee barua, lakini mama akamzuia.

"Aliyeificha ndiye aisome," alisema.

Stefania akaifungua, akasoma:

"Mama, nimerudi. Nipo hospitali, Kilwa Kivinje. Mguu wa kushoto umekatwa, siwezi kuja mwenyewe. Mkono wa kulia nao haujapona, ndiyo maana ananiandikia mtu mwingine. Njooni mnichukue. Nawasubiri."

Kivinje, mwendo wa siku moja! Siku nane Stefania alimwomba Mungu amlinde kaka yake ng'ambo ya bahari, na kaka mwenyewe yuko hapo chini tu, anasubiri.

Waliondoka saa ile ile pamoja na vijana wanne wa kubeba machela, mmoja wao mtoto mwingine wa mzee Likwata. Walilala njiani, na Jumatatu walimkuta Nikodemo barazani mwa hospitali, amekonda, macho ameyaelekeza barabarani. Mama alimkumbatia.

"Siku za kwanza nilikuwa nawahesabia mwendo," Nikodemo alisema. "Halafu nikajua mmesikia habari za mguu, mmeona sina faida tena. Jana nimeomba kazi ya kulinda lango hapa, nisirudi Mitole."

Stefania alianguka mbele yake akilia, akamwambia kuwa mama hakujua lolote, ni yeye aliyeificha barua. Nikodemo akamwekea mdogo wake mkono kichwani, ule mkono wa kushoto uliokuwa mzima.

Njiani kurudi, vijana walipoitua machela ya Nikodemo wapumzike, Romana alimketisha binti yake karibu.

"Mwanangu, kusali hukukosea," alimwambia. "Ulikosea kusali ili usijue. Yaliyomo Mungu aliyajua kabla bahasha haijafika mkononi mwako. Ukiogopa habari, mwombe akupe nguvu za kuipokea, kisha uifungue. Wala usiogope peke yako wakati mimi mama yako nipo."

Mguu wa Nikodemo haukuwa wa kuota tena, na hakuna aliyejua atalimaje msimu ujao. Hilo nalo wangeliombea bila kujua mwisho wake. Jioni ile walisali watatu kando ya njia, na Stefania hakumwambia Mungu neno hata moja ambalo mama yake hakulisikia.