Mgeni wa Awadhi

Mgeni alisimama nje ya mlango wa Ngazi Tatu Bar kama mtu anayengoja ruhusa. Ndani singeli ilikuwa inapasua spika, moshi wa nyama choma umetanda, watu wanaingia na kutoka bila hata kumtazama. Yeye kasimama tu, ncha za viatu zikigusa kizingiti, wala hazivuki.

"Awadhi, mgeni wako vipi?" aliuliza Raymundi, baunsa wa mlangoni, mwenye kifua cha fahali na roho ya mtoto. "Nimemwambia apite, hapiti."

Watu wa Dar wakisikia kwamba Tabora kuna maisha ya usiku, hucheka. Wanadhani mji ukishauza asali na tumbaku yake unalala saa mbili pamoja na kuku. Awadhi alikuwa akiishi kwa kuwaumbua watu hao. Alikuwa na ukurasa mtandaoni aliouita Tabora Usiku, na kwa miaka tisa aliwatembeza wageni kila pembe yenye taa: baa za muziki, vilabu vya wanzuki, ile pombe ya asali, vichochoro vya mishikaki, na kumbi za harusi ambako hata asiyealikwa hushiba. Yeye mwenyewe hakuonja kilevi. Alikunywa soda yake ya tangawizi na kurudi kwa mkewe Zuwena akinuka moshi. Mgeni wake yeyote, awe mlevi, awe mgomvi, awe yule aliyemtapikia viatu vipya, aliagwa kwa maneno yale yale: "Karibu tena." Zuwena alimtania kwamba hata usingizini huyasema.

Huyu wa leo hakupiga simu wala hakushuka kwenye treni. Awadhi alimkuta pale inapoishia taa ya mwisho, kwenye barabara ya zamani itokayo Kwihara. Alikuwa mtu mrefu mwenye kanzu iliyopauka, shingo imelalia kushoto kama aliyezoea kubeba kitu kizito begani. Alisema anaitwa Mabruki. Kisha akasema, "Nimesikia wewe ni mwenyeji. Nionyeshe mji wenu usiku."

Awadhi alimpiga Raymundi kibao cha mgongoni. "Usimtishe bwana. Ni mgeni wangu."

Hapo hapo Mabruki akavuka kizingiti.

Raymundi akakunja pua. "Kaka, huyu ananuka mfupa mbichi."

"Na wewe unanuka jasho, mbona sisemi?" alijibu Awadhi, na wote wawili wakacheka.

Mabruki hakuagiza kitu. Alizunguka baa nzima akitazama, na mwisho akasimama kwenye meza ya puli. Kijana fundi pikipiki, Kornel, alikuwa akicheza na rafiki yake aliyekua naye tangu utotoni. Mabruki akamwekea Kornel mkono begani, kama mzee anayesalimia.

Chini ya kelele za muziki Awadhi akasikia njuga, zile kengele ndogo wanazofunga wachezaji ngoma miguuni. Akageuka amtafute mchezaji, asimwone. Aliporudisha macho, Kornel alikuwa ameivunja ile fimbo ya puli gotini na kumchoma nayo rafiki yake shingoni, akaichomoa, akamchoma tena, na alipoanguka juu ya kitambaa cha kijani Kornel akapanda mezani akaendelea, mara sita, mara saba, uso wake umetulia kama mtu anayetwanga mahindi, mpaka Raymundi alipomnyanyua kwa nguvu na kumbwaga sakafuni. Hapo ndipo kijana alipozinduka. Akautazama mwili, akapiga yowe. "Nani kamfanya hivi? Jamani, nani kamuua?"

Awadhi alitoka nje. Mabruki alikuwa anamngoja gizani, mikono nyuma.

"Mji mzuri," alisema. "Naaga, mwenyeji."

Akili ya Awadhi ilikuwa bado kwenye ile meza, na mdomo wake ukafanya kazi uliyoizoea. "Karibu tena."

Usiku wa pili Mabruki alikuwa tena chini ya taa ile ile. Awadhi alimwona, akataka kugeuza njia. Lakini alikuwa amemkaribisha mwenyewe, na tangu lini mtu wa Tabora akamkimbia mgeni aliyemkaribisha? Pia alijiambia kwamba ugomvi wa walevi ni jambo la kila mji. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Ngazi Tatu ilikuwa imefungwa na polisi, kwa hiyo wakaenda mtaa wa Ng'ambo, kwenye kilabu cha wanzuki cha Mama Advera. Raymundi alikuwepo. Baa yake ikiwa imefungwa, alikuja kujitafutia riziki kwa kusimama mlango huu mwingine. Alipomwona Mabruki alinyoosha mkono wake mnene kuziba njia.

"Huyu haingii."

"Raymundi, usinitie aibu."

"Awadhi, nisikilize." Baunsa alishusha sauti, na Awadhi akaona kwamba mtu huyu mkubwa anaogopa kweli. "Jana alimgusa Kornel. Nilimwona kwa macho yangu. Mgonga kengele wa parokia yetu hana utani, na yeye asubuhi ameniambia usiku aliona mtu mwenye shingo ya upande akipita makaburini, na nyasi hazilali anapokanyaga. Mrudishe alikotoka. Nakuomba, ndugu yangu."

Watu walikuwa wameanza kugeuka kuwatazama. Mabruki alisimama kwa adabu, macho chini, ncha za viatu kizingitini. Awadhi aliona haya, na haya ikamshinda. Alisema, "Mpishe. Ni mgeni wangu."

Mkono wa Raymundi ukashuka wenyewe.

Mabruki alikwenda moja kwa moja jikoni, akamwekea mchoma nyama mkono begani. Njuga zikalia, safari hii karibu zaidi, ndani ya sikio la Awadhi kabisa, na akajua, na mchoma nyama, mzee mpole anayejulikana kwa kuwapa mbwa mifupa, akachukua shoka la kukatia mbavu akatoka nalo taratibu kupita kati ya meza bila kumgusa mtu yeyote, akawapita walevi, akampita Mama Advera aliyekuwa anauliza unakwenda wapi na shoka, akafika mlangoni na kumpiga Raymundi begani, kushoto, shoka likazama mpaka kifuani, na baunsa yule aliyeweza kunyanyua watu wawili kwa mpigo akapiga magoti polepole huku damu ikiruka mpaka kwenye bati, akimtazama Awadhi, Awadhi peke yake, mdomo ukifunguka na kujifunga bila neno, na shoka likapanda tena.

Awadhi alikimbia. Alikimbia mpaka nyumbani kwake Isevya, damu ya rafiki yake imemkaukia usoni, na mlangoni kwake akakuta mtu amesimama.

"Nimeona mji," alisema Mabruki kwa upole. "Kesho nitalala kwako. Naaga, mwenyeji."

Awadhi hakusema neno. Alikuwa anapumua tu. Lakini mgeni hakuondoka. Aliendelea kusimama, akingoja, na dirishani taa ikawaka, na sauti ya Zuwena ikasema, "Mume wangu, uko na nani hapo nje?" Mabruki akaigeuza ile shingo ya upande kuelekea dirishani.

"Karibu tena," alisema Awadhi haraka, ili aondoke. Na kweli akaondoka.

Kulipopambazuka Awadhi alikwenda Gongoni kwa mama yake mkubwa, Bi Batuli, ambaye watu wakisumbuliwa na mambo ya majini humwendea kabla ya kwenda kwingine.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Kaa mbali kidogo, unanuka njia." Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Huyo si wa mjini. Ni jini la njiani. Zamani misafara ikitoka Ujiji na pembe za ndovu, mgeni hakuingia mji huu bila mwenyeji wa kusema huyu ni wangu. Mpagazi asiyekuwa na mtu alifia nje, na mzigo wake begani. Jini lilimkuta mmoja likamvaa. Sheria za mgeni linazijua kuliko wewe. Umesema ni mgeni wako mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na alipoaga?"

Awadhi alimwambia. Bi Batuli alifumba macho.

"Ewe mtoto, mdomo wako utakuzika. Sasa usiku wa tatu anakuja kwako, na kwako kuna mwanamke mwenye mimba ya miezi saba."

"Nimfukuze?"

"Ukimkana mgeni wako, umempa sababu. Wahenga walisema nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpe kwa mkono wako mwenyewe. Akilipokea si mgeni tena, ni kibarua, na kibarua halali chumbani kwa mwenye nyumba. Atalima mpaka alfajiri, kisha ataaga. Hapo unyamaze. Hata akikulilia, hata akikupa salamu za marehemu baba yako, nyamaza. Ukinyamaza hana pa kurudia." Akamtia kinywani kokwa ya tende. "Weka chini ya ulimi. Kila utakapotaka kusema, ikukumbushe."

Usiku ule Bi Batuli alijifungia ndani na Zuwena, chetezo cha ubani katikati yao. Kabla mlango haujafungwa Zuwena alikuwa amemshika mumewe kanzu, hataki kuiachia.

"Awadhi, naogopa. Mtoto hajacheza tangu adhuhuri."

"Usifungue mlango. Hata ukisikia sauti yangu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mlangoni," alisema Awadhi. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Saa sita njuga zikasikika tokea mbali, upande wa Kwihara, zikaja bila haraka. Umeme ukakatika mtaa mzima. Harufu ya mfupa mbichi ikaingia uani kabla ya mwenyewe, na Mabruki akasimama mbele ya kizingiti.

Awadhi akamnyooshea jembe.

Mgeni alilitazama muda mrefu. Kisha akalipokea kwa kuushika mpini na mkono wa Awadhi kwa pamoja, akaminya. Kidole cha kwanza kikavunjika, na cha pili, na Awadhi akasikia mifupa yake ikisagika kama kokoto chini ya gurudumu, akauma meno, akakumbuka Zuwena, akauma zaidi, na mgeni akaendelea kuminya huku akimtazama kwa upole ule ule, mpaka damu ikachirizika kwenye mpini na ngozi ikachanika na Awadhi akapiga ukelele ulioamsha mbwa wa Isevya yote. Kokwa ikamruka kinywani na kupotelea gizani.

Lakini jembe lilikuwa limepokewa. Mabruki akaiachia ile nyama iliyokuwa mkono, akageukia ua, akaanza kulima.

Alilima usiku kucha. Awadhi aliketi mgongo ukiegemea mlango, mkono umefungwa kwa kilemba, na kila jembe lilipopiga ardhi alisikia sauti: ya Kornel akiuliza nani kamuua, ya Raymundi akisema mrudishe alikotoka nakuomba ndugu yangu, mrudishe, na ya mtoto mchanga akilia mahali fulani chini ya udongo, na nyuma ya mlango Zuwena naye akazisikia na kuanza kupiga mbao kwa viganja akilia jina la mumewe, na Bi Batuli akisoma kwa sauti iliyokauka, akisoma, akisoma, na jembe halikupumzika hata mara moja.

Hatimaye adhana ikaadhiniwa. Mbingu ikaanza kuwa ya kijivu, jogoo wa jirani akawika, na Awadhi akahisi uhai unamrudia miguuni. Zuwena alikuwa mzima. Mlango ulikuwa umefungwa. Alilia kwa furaha, kamasi na machozi pamoja, kama mtoto.

Ndipo alipoona kazi iliyofanyika uani. Yalikuwa mashimo matatu, kingo zake zimenyooka. Mawili marefu, ya kulaza mtu mzima. La tatu dogo, urefu wa mkono.

Mabruki aliufuta udongo kwenye jembe kwa pindo la kanzu yake, akaliegemeza ukutani vizuri, makali chini, kama kibarua mwenye adabu anayeheshimu mali ya watu. Akainamisha kichwa.

"Kazi nimeimaliza, mwenyeji," alisema. "Nisamehe kwa usumbufu. Naaga."

Na Awadhi, aliyekesha, aliyevunjika mkono, aliyeshukuru Mungu kwa moyo wote kwamba mgeni anaondoka, kinywa kitupu, miaka tisa ya kazi kwenye ulimi, akasema:

"Karibu tena."

Ile shingo iliyolala upande ikanyooka taratibu. Mabruki akamtazama kwa uso wote, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Ahsante," alisema. "Nitakuja kumwona mtoto."

Njuga zikashika barabara ya Kwihara. Ndani ya nyumba chetezo kilianguka, kikavunjika. Bi Batuli hakusoma tena. Kisha ikaja sauti ya Zuwena, karibu kabisa na mbao za mlango, sauti ndogo.

"Awadhi. Umemwambia nini?"