Pipa la Kabichi

Yalimkuta rafiki yangu Shkurte wa Gjakova, Kosovo, ambaye mumewe Hysni alichukuliwa na askari wakati wa vita akiwa amevaa viatu vyake vizito vya kazi, na hajulikani alipo mpaka leo. Mchana mmoja alishuka stoo ya chini ya nyumba kuchukua pipa la kabichi ya chumvi.

"Wifi, subiri tusaidiane!" dada wa Hysni aliita kutoka jikoni.

"Nyumba nimeijenga peke yangu, kabichi ndiyo initoe jasho?"

Wifi yake alicheka kule jikoni. Umeme ukakatika. Gizani, Shkurte alinyanyua upande mmoja wa pipa. Upande wa pili nao ukanyanyuka, na mtu akasikika akihema taratibu. Juu, wifi bado alikuwa akicheka.

Shkurte hakupiga kelele. Alikuwa amechoka mno.

"Angalia ngazi," alisema.

Pipa likaanza kupanda, na mbele yake viatu vizito vya kazi vikakanyaga ngazi moja baada ya nyingine.